Kutoka Mimbarini hadi Mahakamani: Nafsi katika Lugha ya Siasa ya Mchungaji Christopher Mtikila

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu dini na siasa nchini Tanzania kwa kawaida huulizia nia za viongozi wa dini: wanataka nini, wanamuunga mkono nani, na wanapata faida gani. Ni nadra mjadala huo kuulizia lugha wanayoitumia. Makala hii inachukua njia hiyo ya pili. Inachunguza namna mahubiri ya Kikristo, yakiwa utanzu wa lugha wenye kanuni zake, yanavyobadilika yanapotoka kanisani na kuingia katika jukwaa la siasa. Mfano mkuu ni Mchungaji Christopher Mtikila wa kanisa la Full Salvation, mwanzilishi wa chama cha Democratic Party (DP), aliyekuwa miongoni mwa wasemaji waliozua mabishano makubwa zaidi tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992 hadi alipofariki katika ajali ya gari huko Msolwa, Chalinze, tarehe 4 Oktoba 2015.

Hoja ya makala hii ni kwamba athari ya Ukristo katika siasa za Mtikila haikuwa hasa katika mafundisho ya imani. Ilikuwa katika umbo la usemaji, na hususan katika matumizi ya nafsi. Mahubiri ya kanisani humwelekea msikilizaji, yaani nafsi ya pili. Jukwaani yaligeuka yakamwelekea asiyekuwapo, yaani nafsi ya tatu wingi: "wao". Mahakamani mchungaji huyohuyo alilazimika kusema kwa niaba ya "kila raia". Lugha ya jukwaani ilijeruhi majirani, na lugha ya mahakamani ikapanua haki za watu wote, wakiwamo wale aliowatukana.

2.0 Mandhari ya Usemaji: Mchikichini na Kariakoo

Lugha ya siasa haiwezi kueleweka bila kumtazama msikilizaji wake. Msikilizaji wa Mtikila wa miaka ya tisini alikuwa hasa mkazi wa maeneo ya ndani ya jiji la Dar es Salaam. Kata ya Mchikichini, wilayani Ilala, ni kielelezo kizuri cha maeneo hayo. Upande mmoja ipo Kariakoo yenye soko kuu la nchi. Upande mwingine ipo Ilala. Kaskazini lipo bonde la Msimbazi na viwanja vya Jangwani, ambako mikutano mingi mikubwa ya kisiasa na ya kidini imefanyika. Hapo Mchikichini, katika soko la mitumba ambalo wengi huliita Karume, maelfu ya watu hupata riziki kwa biashara ya siku kwa siku.

Majina ya mahali hapa yanasimulia historia yake. Mchikichini ni mchikichi pamoja na kiambishi tamati cha mahali -ni; ni jina la mti uliojulikana kabla ya mji kufika. Kariakoo, kwa upande wake, ni utohozi wa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina ambalo leo linahesabiwa kuwa la Kiswahili kuliko mengi mengine jijini lilizaliwa, basi, kutokana na lugha ya mkoloni. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa misingi ya rangi: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, na Waafrika Kariakoo na pembezoni mwake. Ni katika Kariakoo hiyo, Mtaa wa Lumumba wa sasa, ndipo TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954.

Uchumi huria wa miaka ya themanini na tisini uliwakutanisha watu hao kwa namna mpya. Mfanyabiashara wa jumla mwenye asili ya Asia, mwenye duka Mwafrika, na mmachinga aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara walitegemeana kila siku, lakini hawakugawana faida kwa usawa. Kijana aliyeshinda juani akiuza mali ya mtu mwingine hakuhitaji mhubiri amweleze kuwa alikuwa maskini. Alihitaji jina la umaskini wake.

Jambo jingine linalostahili kuzingatiwa ni kwamba eneo hili kihistoria lina Waislamu wengi. Ingedhaniwa kuwa mchungaji asingepata wasikilizaji hapo. Hata hivyo, msamiati wa Kikristo katika Kiswahili kwa sehemu kubwa ni msamiati uleule wa Kiislamu: dhambi, toba, imani, haki, dhuluma, nabii. Mhubiri wa Kikristo anapolaani dhuluma, hamlazimishi Mwislamu kutafsiri chochote. Sifa hii ya Kiswahili ndiyo iliyomwezesha Mtikila kusikika nje ya kanisa lake. Haikuwa nguvu ya mafundisho yake, kwa kuwa wengi wa waliomsikiliza hawakuwa waumini wake wala hawakukusudia kuwa.

3.0 Mahubiri na Nafsi ya Pili

Nomino mchungaji imeundwa kutokana na kitenzi chunga, kwa kiambishi m- cha mtenda na kiambishi tamati -ji kinachoonyesha mazoea ya utendaji. Ni tofauti na padri, neno lililotoka katika Kireno, na askofu, lililopitia Kiarabu kutoka Kigiriki. Maneno haya mawili hutaja cheo. Mchungaji hutaja kazi. Anayeitwa mchungaji hubeba sitiari nzima: lipo kundi, lipo malisho, na wapo mbwamwitu. Cheo hicho kikiingia katika siasa, sitiari huingia nacho. Raia huwa kondoo, na swali la kwanza huwa si sera gani ifuatwe bali ni nani mbwamwitu.

Mahubiri ya kilokole yana hatua tatu zinazotambulika kwa urahisi. Kwanza, dhambi hufichuliwa. Pili, mwenye dhambi huelekezwa kidole. Tatu, huitwa atubu. Katika hatua zote tatu nafsi inayotawala ni ya pili, pamoja na nafsi ya kwanza wingi: "wewe umeanguka", "sisi tumekosa". Mwenye dhambi yumo ndani ya nyumba. Amekaa benchini, anasikia, na anaweza kusimama akaenda mbele kutubu. Ukali wa mahubiri unavumilika kwa sababu hiyo: anayelaumiwa ndiye anayepewa njia ya kutokea.

Mahubiri pia ni utanzu usiojibiwa. Waumini huitikia kwa "Amina" au "Haleluya", lakini hakuna anayenyanyua mkono kuhoji ushahidi. Kanisani kasoro hiyo ina dawa yake, kwa kuwa mwenye kulaumiwa na mwenye kuitikia ni mtu mmoja. Utanzu huo ukihamishwa jukwaani bila kubadilishwa, dawa hubaki kanisani na kasoro huenda nao.

4.0 Jukwaani: "Sisi" na "Wao"

Hivi ndivyo ilivyotokea katika hotuba za Mtikila. Hatua za mahubiri zilibaki. Dhambi ilifichuliwa: mali ya nchi inaibwa. Mwenye dhambi alitajwa. Lakini mwenye dhambi huyo hakuwamo uwanjani. Nafsi ya pili iliondoka, na mahali pake ikaja nafsi ya tatu wingi. Hatua ya toba nayo ikapoteza maana yake, kwa kuwa asiyekuwapo hawezi kutubu. Kilichobaki kwa wasikilizaji ni hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda. Maneno matatu yanaonyesha jambo hili kwa uwazi.

4.1 Walalahoi

Neno walalahoi, ambalo Mtikila alilieneza mno, ni nomino ambatani iliyoundwa na kitenzi lala na kielezi hoi: watu wanaolala wakiwa wamechoka kabisa. Ni neno lenye mafanikio makubwa kiisimu. Linafuata kanuni za uundaji wa nomino za Kiswahili, linaeleweka papo hapo bila maelezo, na limezaa kinyume chake, walalahai. Tena halimtaji mtu kwa kabila, rangi wala dini. Mmachinga wa Mchikichini, mkulima wa Ludewa na mvuvi wa Kilwa wote wanaweza kuingia humo. Hadi leo neno hili linatumiwa na watu wasiojua lilienezwa na nani. Kwa kipimo chochote, ni mchango halisi katika lugha ya siasa ya Kiswahili.

4.2 Magabacholi

Kinyume cha walalahoi katika hotuba zake hakikuwa tabaka la matajiri kwa jumla. Kilikuwa magabacholi, neno la dharau kwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, lenye kuashiria wizi na ulanguzi. Hapa ndipo uwiano ulipovunjika. Upande mmoja wa mizani uliwekwa hali ya maisha, na upande wa pili ikawekwa asili ya mtu. Mtu anaweza kuacha kuwa mlalahoi akipata kazi nzuri. Hawezi kuacha kuwa gabacholi, kwa kuwa jina hilo halikumtaja kwa alichokitenda bali kwa alivyozaliwa. Kwa lugha ya kanisani, ni dhambi isiyokuwa na toba, jambo ambalo teolojia ya mhubiri mwenyewe isingelikubali.

Ngeli nayo ina ushahidi. Umoja wa neno hili ni gabacholi na wingi wake ni magabacholi, kwa utaratibu wa ngeli ya li-/ya-. Kiambishi ma- kinapotumiwa kwa watu mara nyingi huashiria ukubwa, wingi usiopendeza au dharau. Waliotajwa waliondolewa katika wa- ya kawaida ya binadamu hata kabla ya lawama yoyote kusemwa. Mwanzoni mwa mwaka 1993, kufuatia hotuba za namna hii, baadhi ya vijana jijini Dar es Salaam waliwashambulia watu wa asili ya Asia na kuyapiga mawe magari yao. Si halali kudai kuwa neno peke yake lilirusha mawe; hali ngumu ya maisha ilikuwapo. Lakini neno ndilo lililoonyesha mawe yarushwe wapi.

4.3 Wazawa

Neno la tatu ni wazawa, pamoja na nomino dhahania uzawa. Mzizi wake ni zawa, kauli ya kutendwa ya zaa, umbo ambalo katika matumizi ya kawaida limepisha zaliwa. Kwa mofolojia yake, mzawa ni yeyote aliyezaliwa mahali fulani. Mtu wa asili ya Kihindi ambaye babu yake, baba yake na yeye mwenyewe walizaliwa jirani na Kariakoo ni mzawa wa Kariakoo bila ubishi. Kijana aliyefika jana kutoka mkoani si mzawa wa hapo. Katika siasa maana iligeuzwa: wa kwanza akawa mgeni, wa pili akawa mwenyeji.

Ni muhimu kutambua kwamba neno hili halikubaki kwa mchungaji. Mwishoni mwa miaka ya tisini mjadala wa uzawa uliendelezwa na wanasiasa wa chama tawala, akiwamo Iddi Simba, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, ambaye hakuwa Mkristo. Mimbari inaweza kulipa neno nguvu, lakini haina uwezo wa kulifungia mlango.

Mgawanyo wa "sisi" na "wao" una tabia ya kuhama. Ukishazoeleka, kundi moja laweza kutolewa na jingine kuwekwa bila sarufi kubadilika. Mwaka 2012 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimwachia huru Mtikila katika shitaka la uchochezi lililotokana na waraka uliodai kwamba Rais Jakaya Kikwete alikusudia kuangamiza Ukristo. Mahakama ilimwona hana hatia kisheria. Kiisimu, hata hivyo, muundo ulikuwa uleule wa 1993: kundi lililo hatarini, adui asiyekuwapo, na hakuna nafasi ya jibu.

5.0 Mahakamani: "Kila"

Sehemu ya pili ya maisha ya Mtikila inaelekea njia tofauti kabisa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua mia mbili katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua kumi, ikiwamo ya Unguja na Pemba. Mtikila, aliyeupinga Muungano na kudai Tanganyika irudishwe, hakukubali sharti hilo, na DP haikusajiliwa hadi mwaka 2002. Kwa kuwa mgombea alilazimika kuwa mwanachama wa chama kilichosajiliwa na kupendekezwa nacho, kunyimwa usajili kulimaanisha kunyimwa uchaguzi. Mwaka 1993 alifungua shauri katika Mahakama Kuu Dodoma.

Mahakamani mahubiri hayafai. Kila dai hujibiwa na upande wa pili. Kila neno hudaiwa maana yake. Na mlalamikaji hawezi kuomba haki kwa "sisi" dhidi ya "wao", kwa kuwa Katiba haina nafsi hizo. Sura ya haki katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano hutumia "kila mtu" na "kila raia". Neno kila, lenye asili ya Kiarabu, lina tabia ya pekee miongoni mwa vivumishi vya Kiswahili. Hutangulia nomino badala ya kuifuata, na halipokei upatanisho wa ngeli yoyote. Halibadiliki kwa ajili ya yeyote.

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu iliyokubali haki ya raia kugombea bila kupitia chama, na kubatilisha vifungu vya sheria vilivyowalazimisha watu kuomba kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara. Jambo la pili lina uzito mkubwa wa kiisimu. Baada ya hapo sheria iliacha kibali na kutumia taarifa. Anayeomba kibali anakiri kwamba uwanja ni wa mwingine. Anayetoa taarifa anakiri tu kwamba wapo wengine wanaopaswa kujua. Polisi hawakuacha kuzuia mikutano, na kati ya 2016 na Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa amri ya Serikali. Hata hivyo, waliolalamikia zuio hilo walikuwa na neno la kisheria la kuliegemea, na neno hilo walilipata katika shauri la Mtikila.

Haki ya mgombea binafsi ilikuwa na safari ndefu zaidi. Bunge liliibatilisha kwa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo tarehe 17 Juni 2010, ikisema suala hilo ni la Bunge. Alikwenda mbele zaidi, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake. Sheria haikubadilishwa: katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 mgombea bado alilazimika kupendekezwa na chama.

Lipo jambo moja linaloumiza katika historia hii. Hotuba zilizotolewa kwa Kiswahili zilisikika na kila mpita njia wa Kariakoo. Hukumu ya 1994 iliandikwa kwa Kiingereza, na walalahoi ambao haki yao ilithibitishwa humo wengi wao hawakuweza kuisoma. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama ilipitishwa mwaka 2021. Kwa robo karne na zaidi, basi, umma wa Mchikichini ulimjua Mtikila wa "wao" na kusimuliwa tu juu ya Mtikila wa "kila".

6.0 Waraka, Mahubiri na Kauli ya "Kutochanganya"

Mtikila si mfano wa pekee. Maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri walitoa Tamko la Bagamoyo mwaka 1994, na waraka wa Pasaka mwaka 2018. Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe wa Kwaresima mwaka huohuo wa 2018, na Agosti 2023 likatoa tamko la kupinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Nyaraka hizi zilisomwa makanisani, lakini si mahubiri. Zina tarehe, zina sahihi, na hoja zake zinaweza kunukuliwa na kupingwa kifungu kwa kifungu. Tamko la 2023, kwa mfano, liliegemea zaidi ridhaa ya wananchi na ulinzi wa rasilimali kuliko imani ya Kikatoliki. Asiyekuwa Mkatoliki aliweza kulikubali au kulikataa kwa sababu zilezile. Kwa upande mwingine, Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa Mbunge wa Kawe kupitia CCM, lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea hadharani utekaji wa watu.

Katika matukio kama haya husikika kauli kwamba dini na siasa zisichanganywe. Kitenzi changanya hudokeza vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali. Historia ya lugha haiungi mkono dhana hiyo. Neno ukombozi lilitumika kanisani kwa Kristo Mkombozi na jukwaani kwa vyama vya ukombozi, bila mtu kulalamika. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akizungumza na watawa wa Maryknoll mjini New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa lishiriki katika kupambana na mifumo inayowadhalilisha maskini. Nyerere huyohuyo, katika hotuba zake za mwaka 1995, alionya vikali dhidi ya udini. Hapana mgongano hapo. Alichokitaka mwaka 1970 ni dini inayomtetea binadamu yeyote. Alichokikataa mwaka 1995 ni dini inayogawa raia.

Kauli ya "kutochanganya" inashindwa kuona tofauti hiyo. Ikitumiwa na wenye madaraka, humnyamazisha anayetetea waliotekwa kwa kipimo kilekile kinachomnyamazisha anayechochea chuki dhidi ya majirani.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba swali la kuuliza si kama kiongozi wa dini ameingia katika siasa, bali ameingia na nafsi ipi. Akibaki na "wewe" na "sisi" ya kanisani, huwataka wasikilizaji wake wajihukumu. Akichukua "wao", huwapa wasikilizaji adui na kuwaondolea wajibu wa kujitazama. Akikubali "kila", hujiweka katika lugha inayoweza kujibiwa, na haki anayoidai kwa ajili yake humfikia hata asiyempenda.

Christopher Mtikila alizitumia nafsi hizo zote. Alipogombea urais mwaka 2005 alipata chini ya asilimia moja ya kura, na "wao" wake hawakumpeleka Ikulu. Shauri lake, kwa upande mwingine, linafundishwa kwa wanafunzi wa sheria hadi leo. Mfanyabiashara wa asili ya Asia wa Kariakoo anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara leo hutoa taarifa badala ya kuomba kibali, na haki hiyo alipiganiwa na mtu aliyemwita gabacholi. Watafiti wa baadaye wangefanya vema kukusanya na kunukuu hotuba za wahubiri wa zama zile zilizorekodiwa katika kanda, kabla hazijaharibika, ili mabadiliko haya ya nafsi yapimwe kwa data pana zaidi ya mfano wa mtu mmoja.